Macho Ndani ya Chupa ya Chai

Jicho la Mzee Lwidiko Mbembela liliwaka ukutani, na Mzee Lwidiko alikuwa maiti tangu alfajiri.

Lugano Mwasenga aliinuka kitini. Ukuta mzima wa Nyumba ya Mfumo ulijaa nukta za kijani. Kila nukta ilikuwa jicho la kulia la mkandarasi mmoja wa mkoa wa Ilongwe, na kila nukta ilizimika na kuwaka kadiri mwenyewe alivyopepesa. Asubuhi za tangazo ukuta ulichezacheza hivyo, kama shamba lililoingiliwa na vimulimuli. Nukta ya Mzee Lwidiko haikucheza. Ilikodoa.

"Koplo, si ulisema Mbembela ameokotwa amekufa?"

Koplo Mwazembe, askari aliyefungiwa naye humo ndani, hakuinua kichwa kutoka kwenye buti alilokuwa akikaza kamba. "Mtaroni, njia ya machimbo. Nimemwona kwa macho yangu mawili, mdogo wangu. Yeye ndiye alikuwa amebaki na moja."

Lugano alifungua njia ya msaada. Ilikuwa kazi yake kama mtunza mfumo: mkandarasi akikwama, aone kile jicho lake linachokiona. Kwanza palikuwa giza. Kisha kifuniko kikazungushwa, mwanga ukamwagika kutoka juu, na Lugano akajikuta anatazama akiwa chini ya kisima chembamba chenye kuta zinazong'aa kama kioo. Maji yalitikisika. Kwenye mdomo wa kisima uso wa mtu uliinama ukachungulia, kama mtu anayetaka kujua kama kuna chai iliyobaki.

Ulikuwa uso wa Bosko Ndelwa.

Buti lilimtoka Koplo mkononi. "Hiyo ni chupa ya chai," alisema. "Lugano, hiyo ni chupa ya chai!"

Mfumo ulikuja kumwondoa Ndelwa, mkandarasi aliyezoea kuzishika kazi zote za mkoa. Kabla ya mfumo huo, matangazo ya zabuni za serikali yalibandikwa kwenye ubao katika ua wa ofisi za mkoa, karatasi moja yenye mhuri mmoja, na Ndelwa alikuwa na vijana wa kuusimamia ubao huo. Watu waliwaita wachanaji. Karatasi ikibandikwa, waliisoma wao, wakaichana, na aliyethubutu kufika kabla haijachanwa walimchana yeye. Walipiga virungu chini wakiimba:

*Soma ewe wa kusoma, jicho utalitapika,*
*Hapa hakuna huruma, wenyewe tumeshafika.*

Mzee Mwasenga, baba yake Lugano, fundi wa makalavati ya barabara, alipasuliwa kichwa mbele ya ubao huo mchana kweupe, akiwa amesimama kwenye foleni. Wenzake walikuwa wamemwambia apenye pembeni asome upesi akimbie. Alikataa. Alisema ana zamu yake. Aliyempiga alijulikana, aliyemtuma alijulikana, na hakuna aliyelala mahabusu hata usiku mmoja.

Ndipo serikali ikaiondoa karatasi. Tangazo likahamia ndani ya jicho, kwenye utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, uliolazwa juu ya mboni ukila joto la damu. Saa nne kamili asubuhi tangazo lilishuka kwa wakandarasi wote kwa mkupuo mmoja, awe mjini au porini, awe tajiri au fundi wa mtaani, na hapakuwa na kirungu cha kulichana. Kila jicho liliwasilisha zabuni moja. Zabuni zisipofika tatu, kazi haikutolewa kwa mtu. Na ili mkandarasi asishikiwe panga akalazimishwa kuomba kazi kwa niaba ya mwingine, utando ulisikiliza mapigo ya moyo. Jicho lenye hofu lilikataliwa.

Wataalamu walipigiwa makofi kwa wazo hilo. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuishi Ilongwe. Ndelwa hakuchukua muda kugundua kwamba jicho lililotolewa kichwani haliogopi kitu.

Simu ya mezani ililia.

"Kijana wa Mwasenga. Umeamkaje?"

"Nakuona, Ndelwa."

"Najua unaniona. Unadhani kifuniko nimekifungua ili maji yapoe? Subiri nikuonyeshe mgeni wetu."

Chupa iliinuliwa, ikainamishwa. Ukutani mbele ya Lugano ulitokea ua wa ofisi za mkoa, mtupu, kwa maana siku za tangazo hapakuwa na mtu tena wa kuja kusoma. Ubao wa zamani ulikuwa bado umesimama, na kutu ya pini ilikuwa imeuchora madoa. Kwenye nguzo yake alifungwa mwanamke aliyepigishwa magoti, mdomo umepasuka, kitambaa cha kichwani kimeshuka shingoni. Kijana mnene alikuwa amemkamata nywele. Mkono wake wa pili ulishika kijiko cha chuma kilichonolewa ukingo.

Yule mwanamke alikuwa dada yake. Tusekile Mwasenga, mkandarasi wa mabwawa madogo, aliyeweka utando kwa sababu Lugano alimwambia: dada, enzi za virungu zimekwisha.

"Leo linatangazwa bwawa la Ilongwe," Ndelwa alisema, sauti yake tulivu kama ya mtu anayeagiza saruji. "Jicho langu la kwanza. La Mbembela la pili. La dada yako la tatu, nalo nitalitoa dakika ya mwisho lisije likapoa. Sasa nisikilize vizuri, maana wewe ni msomi. Najua yeye akitamka choma, na wewe ukabonyeza, utando unajiunguza na jicho linakuwa jiwe. Fanya hivyo, nitamchinja hapahapa. Tulia, nitachukua jicho moja nimwachie roho. Watu wanaishi na moja! Bibi yangu alikuwa na moja, akalima, akazaa, akazika waume."

"Kuna askari hapa anakusikia."

"Msalimie. Baba yako alipoanguka, askari walikuwa wangapi?"

Simu ilikatwa.

Lugano aliukimbilia mlango akaupiga bega. Haukutikisika. Kwa sheria, asubuhi ya tangazo Nyumba ya Mfumo ilifungwa kwa nje mpaka saa nne, asiingie wa kuhonga na asitoke wa kunong'ona. Koplo alikuwa akipiga kelele kwenye redio yake. Aliiteremsha taratibu.

"Wameangusha miti barabarani," alisema. "Wenzangu wanakata. Hawawahi, mdogo wangu."

"Fyatua kufuli."

"Ni chuma cha benki hiki. Risasi itaturudia sisi."

Lugano alirudi mezani. Hangeweza kumfuta Mbembela kwenye orodha. Walioujenga mfumo waliogopa watunza kuhongwa wawafute watu siku ya tangazo, wakawanyima uwezo huo. Hangeweza kuuchoma utando wa marehemu. Nje ya kichwa ulibaki na nguvu ya kuona, kusikia, kusoma na kuwasilisha tu, si ya kujiunguza. Alibakiwa na dada yake. Akafungua njia yake, na sauti ikapita kwenye mfupa wa taya, bila midomo kusogea.

"Dada."

"Umechelewa kuita." Pumzi yake ilikwaruza. "Wamemuua Mbembela, Lugano. Mbele yangu. Alikuwa anawaambia wamwache avae miwani yake kwanza."

"Nisikilize. Nina kitufe cha majaribio. Naweza kukushushia tangazo sasa hivi, wewe peke yako. Ulisome, uwasilishe zabuni yako. Jicho likishawasilisha haliwezi kuwasilisha tena. Halitakuwa na faida kwao. Wataliacha."

"Jicho lenye hofu linakataliwa."

"Kwani unaogopa?"

Alimsikia akicheka. Kicheko kiliishia kwenye kikohozi cha damu. "Mimi? Niogope huyu kiazi aliyenishika nywele?"

Lugano hakusubiri jibu jingine. Alibonyeza. Kwenye ukuta aliona mistari ya tangazo ikianza kushuka, herufi nyeupe juu ya uso wa kijana mwenye kijiko: *Wizara inakaribisha zabuni kutoka kwa wakandarasi wenye sifa kwa ajili ya ujenzi wa Bwawa la Ilongwe, ukuta wa zege wenye urefu wa…*

"Lugano. Saa nne imefika?"

"Soma, dada!"

"Nimekuuliza. Saa nne imefika?"

"Bado."

"Wenzangu wanaliona?"

"Soma tu, dada."

Tusekile alilifumba jicho. Haikusaidia kitu, maana utando ulikuwa ndani, na herufi ziliendelea kushuka gizani. "Lifunge," alisema. "Lifunge, mshenzi wewe! Nisome peke yangu, wengine wamekaa gizani? Ndelwa alifanya nini kingine miaka yote hii? Baba alikufa hapa nilipopiga magoti kwa kukataa kupenya. Unanipenyeza mimi?"

"Nataka uwe hai!"

"Lifunge."

Alilifunga.

"Sasa choma," Tusekile alisema.

Mashine ilisikia. Mbele ya Lugano kilitokea kitufe chekundu, kikisubiri kidole chake. Mwenye jicho alikuwa ametamka; ilibaki kazi ya mtunza. Lugano alikitazama. Aliyaona macho ya dada yake kama yalivyokuwa utotoni, makubwa, makali, yaliyoweza kumtambua ng'ombe wao ng'ambo ya bonde. Kidole chake kikakataa.

"Wakiona limeungua watakuchinja."

"Choma, Lugano."

"Labda polisi…"

Uani Ndelwa alitazama juani, kisha akampa kijana mnene ishara ya kidevu. Kijana huyo aliitwa Sigala, kaka wa mke wa Ndelwa. Alimlaza Tusekile kichwa nyuma kwenye nguzo, akampanua kope kwa kidole gumba. Ukutani, kijiko kilikuja kikikua, kikawa kikubwa kama koleo, kikagusa kona ya jicho. Tusekile aliuma meno. Ukingo uliingia. Damu ilishuka juu ya picha yote kama pazia jekundu.

"Choma!" alipiga kelele, safari hii kwa mdomo wake wote, na ua mzima ukasikia.

Lugano alibonyeza.

Kilichotoka kwa Tusekile hakikuwa neno. Picha ukutani ilimeta nyeupe, ikazimika, na nukta yake ya kijani haikuwaka tena. Lakini chupa ya chai ilikuwa imewekwa chini karibu na ubao, wazi, imeegemea jiwe, na jicho la marehemu lilikuwa bado linatazama. Kupitia hilo Lugano aliona moshi mwembamba ukimtoka dada yake usoni. Aliona Sigala akiruka nyuma, akipunga kidole gumba kilichoungua.

"Limekuwa jeupe, shemeji! Limeiva kama yai!"

Ndelwa alimsukuma, akamshika Tusekile kidevu, akalitazama jicho. Uso wake ulikunjamana polepole. Akachomoa panga kiunoni.

"Nilimwambia," alisema. "Nilimwambia yule mbwa mdogo."

"Bosi, muda," alisema mmoja wa vijana wake wawili waliosimama pembeni. "Saa nne hiyo inafika. Tuna mawili tu."

Panga lilisimama hewani. Ndelwa alifikiri. Lugano alimwona akifikiri, kama fundi aliyekosa tofali moja la kumalizia ukuta na anatazama huku na huku ni wapi pa kulibomoa. Macho yake yakatua kwa Sigala.

"Shemeji," alisema kwa upole. "Wewe si nilikuandikisha kwenye ile kampuni ya kokoto?"

Sigala alicheka. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, aliacha. "Acha utani, shemeji."

"Una utando wewe."

"Dada yangu amekuzalia watoto!"

"Na bwawa hili ndilo litakalowasomesha. Mshikeni."

Wale wawili walisita kidogo tu. Kisha walimrukia. Sigala alikuwa mnene lakini hakuwa mzito. Alimpiga wa kwanza kichwa cha pua, mfupa ukalia, na kijiko alichokinoa kwa ajili ya wengine akakizamisha kwenye koo la wa pili. Mtu huyo aliketi chini akiishika shingo kwa mikono miwili, akitazama damu ikimpita vidoleni kana kwamba si yake. Ndelwa alipiga panga. Lilimpata Sigala begani, likakwama kwenye mfupa. Walivutana, kila mmoja akishika upande wake, wakizungukana kama watu wanaogombea gunia sokoni, wakihema, wakitukanana matusi ya kiukoo ambayo watu wasio ndugu hawayajui.

Tusekile alikuwa amefungwa mikono, si miguu. Ndelwa aliporudi nyuma akamkaribia, aliitupa miguu yote miwili akamkumba magotini. Ndelwa alianguka chali juu ya chupa ya chai. Kwenye ukuta wa Nyumba ya Mfumo dunia ilizunguka: mbingu, ubao, mbingu, vumbi. Jicho lilisimama likiwa limelala ubavu, na kutoka hapo chini Lugano aliona miguu ya Sigala ikija, nzito, ikiyumba. Aliona panga likishuka. Lilishuka tena. Lilishuka hata baada ya kutohitajika.

Kisha saa nne ikafika, na mfumo haukujua lolote. Tangazo lilishuka katika kila jicho la mkoa wa Ilongwe kwa mkupuo mmoja. Likashuka pia katika lile lililokuwa vumbini, herufi nyeupe, safi, zilizonyooka, zikipanda juu ya kichwa cha Ndelwa kilichogeuka upande: *Wizara inakaribisha zabuni kutoka kwa wakandarasi wenye sifa.*

Kufuli la chuma lilifunguka lenyewe.

*

Polisi walifika uani kabla ya Lugano na Koplo. Sigala alikuwa amekaa amejiegemeza ukutani, amekufa kwa kuvuja damu, panga mapajani. Yule aliyevunjwa pua alikuwa na pingu na alikuwa akilia kama mtoto. Tusekile alikuwa ameketi kwenye ngazi za ofisi. Muuguzi alikuwa ameshamfunga bandeji, naye ametia kidole chini yake anajikuna.

Lugano alipiga magoti mbele yake. Hakujua aanze na lipi.

"Ulisita," Tusekile alisema.

"Ndiyo."

"Kijiko kilishaingia, Lugano. Ukaniacha nikisikie."

"Nisamehe, dada."

Alimzaba kofi. Lilikuwa kofi la kweli, lililomgeuza shingo, na askari mmoja alisogea. Kisha Tusekile akamvuta kichwa chake akakilaza begani kwake, akamshikilia hapo kwa nguvu.

Nje ya geti watu walikuwa wameanza kukusanyika. Wakandarasi watatu wanne walikuwa wamesimama kando kando, wameganda, macho ya kulia yakienda kushoto na kulia juu ya kitu ambacho wengine hawakioni. Walikuwa wanasoma. Mmoja alikuwa kijana mwenye ndoo ya rangi na kandambili. Hakuna aliyemsukuma.

"Waone," Lugano alinong'ona. "Wanasoma wote pamoja. Bwawa litapata mjenzi wa haki. Hukupoteza jicho bure."

Tusekile aliwatazama. "Umemwambia Koplo?"

"Nini?"

"Usinifanye mjinga."

Lugano alishusha sauti. Sheria haikuwa na kona: tangazo lililoonwa na mmoja kabla ya wote ni batili, Bodi ya zabuni hulifuta, na mtunza aliyelionyesha huenda jela. "Koplo aliniona nikibonyeza vitufe. Hajui kipi ni kipi," alisema. "Ulisoma mistari ya mwanzo tu, dada. Hata zabuni huwezi kuomba tena. Limedhuru nini? Nikisema, wale pale watapokonywa kinachowapendeza sasa hivi machoni mwao. Mbembela atakuwa amekufa bure. Na mimi…"

"Mimi nilikaribia kufa ili lisionekane mapema."

"Hakuna anayejua."

"Jicho lililoliona umelichoma," Tusekile alisema. "Shahidi umebaki wewe."

Alimwachia. Lugano alibaki amepiga magoti pale kwenye ngazi, na ile hasira yake yote ya ujana, aliyoilea tangu siku ya kaburi la baba yake, aliitafuta imwambie amchukie nani, ikakosa mtu wa kumwonyesha. Akainuka. Alivuka ua, akaikwepa damu, akasimama mbele ya Koplo Mwazembe.

"Koplo, andika maelezo yangu."

"Pumzika kwanza, mdogo wangu. Tutaandika kesho."

"Andika sasa. Tangazo la bwawa nililionyesha kwa mtu mmoja kabla ya saa nne. Nilimwonyesha dada yangu. Yeye alikataa kulisoma."

Koplo alichomoa kalamu mfukoni. "Unajua unachokisema?"

"Najua."

Walimruhusu arudi Nyumba ya Mfumo mara moja, akiwa na pingu, ili Bodi ilifute tangazo kwa mkono wake. Alipobonyeza, nje ya geti la ofisi za mkoa wakandarasi waliacha kusoma. Walipangusa macho. Yule wa kandambili aligeuka huku na huku akiuliza wenzake kama nao wamezimiwa.

Tusekile aliwaambia kilichotokea, yeye mwenyewe, kwa sauti kubwa, bila kumficha mdogo wake. Baadhi walimtukana. Mwanamke mmoja alitema mate chini. Tusekile alisubiri wamalize.

"Litatangazwa upya," alisema. "Kila mtu atalisoma na mwenzake."

Kisha akamgeukia muuguzi, akaligonga shavu lake la kushoto kwa kidole, chini kidogo ya jicho lililobaki.

"Nataka utando," alisema. "Weka hapa."